Nyonga ya Chuma na Amri Isiyofutwa

Mjomba wangu Asuman, kaka wa mama yangu, alikuwa sajini wa jeshi kabla hajawa mzee wa kukaa nyumbani Koboko, na ndani ya paja lake la kushoto mlikuwa na chuma. Nalitaja hili mapema kwa sababu mwenyewe alijitambulisha hivyo: jina, cheo, chuma. Mgeni alikuwa hajapewa hata maji ya kunywa, keshaonyeshwa kovu.

Alikuwa na haja moja tu duniani, na mtaa mzima uliijua, maana aliisema msikitini, sokoni na hata kwenye matanga ya watu: hatabebwa. Babu yetu, naye askari, mtoto wa askari waliotoka Sudani, alimaliza miaka yake ya mwisho akibebwa kitandani, asubuhi nje, jioni ndani, kama muhogo unaoanikwa na kuanuliwa. Mjomba ndiye aliyeshika mguu mmoja wa kitanda hicho, na hakusahau uso wa baba yake akipitishwa mlangoni mbele ya wakwe.

"Mimi nakwenda kwa miguu yangu mpaka siku ya kufa," alikuwa akisema. "Nikikufa, sawa, nyinyi nabeba. Kabla ya hapo, mutu akinishika mabega mimi napiga yeye."

Mwaka 1971 lori la jeshi lililokuwa likitoka Vurra lilipinduka karibu na Aroi. Dereva alitoka akijikung'uta vumbi na kulaumu barabara. Mjomba alitolewa na nyonga iliyovunjika. Kile kichwa cha mfupa wa paja, kinachozunguka ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu, kilikosa damu kikafa peke yake, mwenye nacho yuko hai na anatukana. Akatoka jeshini na mikongojo miwili.

Mwaka uliofuata alipelekwa hospitali moja Kampala kwa daktari Mzungu aliyekuwa akiwawekea watu nyonga za chuma. Nilikuwa Kampala wakati huo nikisomea diploma ya kupiga picha za eksirei, diploma ambayo iliishia katikati. Walimu wetu waliondoka mmoja mmoja, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa kuona mbali, mpaka darasani tukabaki sisi na mashine. Tulikuwa tumemaliza mifupa kuanzia kiunoni kwenda chini; ya juu ilikuwa ya mwaka wa pili. Hadi leo nikiliona fuvu la mtu kwenye picha nalisalimia tu.

Wodini mjomba alilazwa kando ya mkulima wa Ludara, Severino, mtu mwembamba mwenye maneno ya polepole, aliyeanguka kutoka juu ya lori la tumbaku. Wawili wa nyumbani, nyonga ile ile, daktari yule yule, ila vyuma viwili tofauti. Cha Severino kilikuwa cha mtindo wa zamani: upanga mnene wenye matundu mawili kama madirisha, unapigwa nyundo ndani ya mfupa bila gundi yoyote, na mfupa wenyewe ndio unaotarajiwa kuota, upite kwenye madirisha, ukishike chuma kama mzizi unavyoshika jiwe. Cha mjomba kilikuwa kipya: shina laini, jembamba, lililozamishwa kwenye saruji maalumu ndani ya mfupa, na juu yake kikombe cheupe cha plastiki. Mjomba alishikilia kwamba saruji ile ndiyo iliyojenga bwawa la Jinja.

"Raia nawekwa vyuma ya zamani," alimwambia Severino. "Jeshi napata mupya."

"Sawa, Sajini," Severino akajibu, macho yakiwa darini. "Lakini gari mupya ndiyo inaharibika kwanza, maana kila mutu nataka kuendesha."

Siku ya kuwaruhusu, daktari aliwasimamisha wote wawili na akasema kwa Kiswahili chake cha kuunga: kila asubuhi mguu ufanye mazoezi, usilale, rudini baada ya miezi sita niwaone, na msiache mpaka mimi niseme acha. Severino alisikia maneno ya daktari. Mjomba alisikia amri. Aligonga kisigino cha mguu mzima, akapiga saluti akiwa na gauni la hospitali lililofunguka mgongoni, na wodi nzima ikaona kwamba jeshi halina siri.

Miezi sita haikutimia. Daktari aliondoka nchini kama walivyoondoka wengi mwaka ule, na hakuna aliyejua kama yuko kwao au wapi. Hapo ndipo msiba ulipoanza, ingawa ulianza ukiwa umevaa sare.

Watu wa kwetu, wale wa nyumba za askari, wana sheria moja ambayo huikuti katika Kurani wala serikalini: amri hufutwa na yule aliyeitoa. Ndiyo sababu kulikuwa na wazee Koboko waliokuwa bado wakilinda daraja ambalo mto wake umehama. Mjomba aliambiwa fanya mazoezi kila asubuhi mpaka mimi niseme acha. Aliyesema hayupo. Basi hakuna acha.

Na mazoezi aliyoyajua yeye yalikuwa aina moja tu. Alikuwa ameyafundisha maisha yake yote kwa vijana waliolia.

Kila alfajiri baada ya sala alitoka uwanjani mbele ya nyumba yake, kaptula imenyooshwa pasi, na akajiamrisha mwenyewe kwa sauti iliyowaamsha kuku wa mtaa wa pili. "Mbele, tembea! Kushoto, kulia! Nyuma, geuka! Mguu, sawa!" Na kila *mguu sawa*, goti la kushoto lilipanda mpaka usawa wa kiuno, likashuka, na kisigino kikaipiga ardhi ngumu kama mtu anayeua nyoka. Mkewe, Mama Medina, alikuwa akichochea moto wa chai na kuhesabu milio ya vyombo vyake kabatini.

"Ile mguu nabomoa nyumba," alisema.

"Nyumba iko ya tope. Mguu iko ya chuma," mjomba akamjibu. "Nani naogopa nani?"

Mwanzoni, kwa kweli, ilipendeza. Mikongojo aliigawa. Alitembea sokoni kifua mbele, akasimama kwenye harusi za Wanubi ngoma ya doluka ikilia, na wanawake wakampigia vigelegele. Hata mimi niliyekuwa nimerudi Arua, nikapata kazi kwenye chumba cha eksirei cha zahanati ya mtu binafsi, niliamini. Ni vigumu kubishana na mtu anayetembea.

Mwaka 1975 alikuja Arua akasema paja lake linamuuma "kidogo kama jino." Nilimlaza mezani, nikapiga picha, nikaingia chumba cha giza. Picha ilipotoka nikaitundika dirishani ikiwa bado inachuruzika maji. Chuma kilionekana cheupe pe, na saruji imekizunguka. Lakini kati ya saruji na mfupa kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, kama ufa unaopita kati ya fremu ya mlango na ukuta. Na sehemu ya juu ya mfupa, karibu na shingo ya chuma, ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichofuliwa sana.

Nilimweleza kwa lugha yake. Mfupa ni askari. Ukimpa mzigo anakuwa na nguvu. Ukimnyang'anya mzigo analegea. Sasa chuma ndicho kinachobeba, mfupa wa juu umekaa kivulini unakula bure, kwa hiyo mwili unaupunguza. Na ile saruji, badala ya kushikana na mfupa, inachezacheza. Kila kisigino kinachopigwa chini ni nyundo inayogonga kigingi ndani ya shimo lake mwenyewe. Shimo linapanuka.

Mjomba aliufuata mstari mweusi kwa kidole, juu mpaka chini. Alikuwa na akili. Hilo ndilo lililonitesa.

"Wewe nasema mufupa iko mulegevu kwa sababu hapana beba kazi."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi mimi nafanya nini kila asubuhi? Si napa yeye kazi?"

"Kutembea ni kazi. Kupiga kisigino ni vita. Acha paredi, mjomba. Tembea tu, na fimbo."

"Nani nasema?"

"Mimi nasema."

Akanigeukia taratibu, akaanza kuvaa suruali yake. "Wewe iko na cheo gani?"

"Diploma."

"Nusu."

"Nusu."

"Ya chini."

"Nyonga iko chini, mjomba! Hapo ndipo nilipofika!"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafunga mkanda. "Mtoto ya dada yangu, mimi nasikia wewe. Wallahi nasikia. Lakini ile daktari ndiyo naweka hii kitu, ndiyo najua yake. Yeye nasema mpaka mimi nasema acha. Mimi nikiacha, mguu ikiharibika, nani nakuwa mukosa? Mimi. Mimi nikiendelea, ikiharibika, mukosa iko amri. Mimi hapana kuwa askari mukosa."

Niliitoa picha dirishani nikaandika tarehe pembeni.

Nilijaribu njia nyingine. Nilimtafuta Efendi Drani, mzee aliyekuwa mkubwa wa mjomba tangu enzi za Waingereza, sasa kipofu wa jicho moja na kiziwi wa masikio yote mawili, na nikamwomba aifute amri. Alikubali kwa furaha. Ilikuwa miaka mingi hajafuta kitu. Alikuja Koboko amevaa koti la kaki lenye medali, akasimama uwanjani alfajiri huku mjomba akiwa katikati ya paredi.

"Sajini Asuman!"

"Efendi!"

"Mimi nafuta hii paredi!"

Mjomba alisimama mguu sawa, kwa kishindo, akapiga saluti. "Efendi, na heshima. Hii amri iko ya upande ya hospitali. Efendi iko ya upande ya bunduki."

Efendi Drani alinigeukia. "Nasema nini?"

"Anasema hapana!" nikapiga kelele sikioni mwake.

Mzee akafikiri. "Yeye iko sawa," akasema. "Mimi nafundisha yeye hivyo." Akaingia ndani kunywa chai ya Mama Medina, akala chapati zote, na jambo likaishia hapo.

Tulicheka sana siku hiyo. Nakumbuka vicheko hivyo na ninaviona kama watu wanaocheza ngoma kwenye nyumba ambayo nguzo yake inaliwa na mchwa.

Mwaka 1977 Severino alikuja Arua kuuza mtama, nami nikampiga picha bure, kwa kutaka kujua tu. Chuma chake cha zamani kilikuwa kimezama kidogo na mguu umefupika, na kile kichwa cha chuma kilikuwa kinaila nyonga upande wa juu. Hakuwa na raha, alilala akigeuka kama chapati. Lakini kwenye yale madirisha mawili mfupa ulikuwa umeota mweupe, umepita upande huu ukatokea upande ule, umekishika. Nilimwonyesha.

"Sasa haitoki?" akauliza.

"Haitoki. Hata ukifa utazikwa nacho."

"Sawa. Mimi hapana nataka irudi kwa mwenyewe."

Nilimuuliza yeye asubuhi anafanya mazoezi gani. Severino alifikiri kwa uaminifu. "Mimi nakwenda kuangalia kama mbuzi iko. Kama iko, narudi."

Sijui. Nawaandikia wanaotaka kujua, na nawaambia sijui. Labda ni muundo wa chuma: cha madirisha kiliupa mfupa mahali pa kushika, cha saruji kiliunyang'anya. Labda ni paredi. Labda chuma cha mjomba kingedumu miaka ishirini ndani ya mtu anayekwenda kuangalia mbuzi. Daktari aliyejua tofauti alikuwa na vyuma vyote viwili mkononi siku moja, akaondoka nayo hiyo tofauti kichwani. Sisi tumebaki na picha.

Ya mjomba ya mwaka ule ule nisingependa kuiona tena. Mstari mweusi ulikuwa umekuwa barabara. Mfupa ulizunguka saruji kwa mbali, mwembamba kama ganda la yai, na ndani yake chuma kimeinama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Ilitakiwa kufunguliwa, kutolewa, kuwekwa kingine. Kufunguliwa na nani? Kampala hapakuwa na mtu, hapakuwa na chuma, hapakuwa na saruji hata ya kujengea choo. Nilimwambia Mama Medina peke yake, uani. Aliendelea kuchambua mchele.

"Ikivunjika?"

"Ikivunjika hatatembea tena, Mama Medina. Abadani."

"Basi nabebwa."

"Atabebwa."

Alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Yeye hapana kubali," akasema. "Wewe najua. Mimi najua. Ile chuma tu ndiyo hapana kujua."

Kufikia mwisho wa 1978 maumivu yalikuwa yamefanya kazi ambayo mimi na Efendi Drani tulishindwa. Mjomba alitoka alfajiri na kiti. Aliketi uwanjani, kaptula ya pasi, mgongo wima, akajiamrisha kama kawaida, na mguu wa kulia peke yake ukafanya paredi yote: ukapanda, ukashuka, ukapiga. Wa kushoto ulinyooshwa mbele yake juu ya kigoda.

"Hii moja iko likizo ya ugonjwa," alinieleza. "Likizo hapana futa amri. Ikipona narudi kazini."

Kwenda chooni alishika ukuta, na aliyekuwa karibu aligeuza uso. Tulijifunza sote kugeuza uso. Alitumia nusu ya asubuhi kufika mahali ambapo mtoto anafika kwa kuruka. Lakini alifika kwa miguu yake.

Kisha ukaja mwaka 1979. Vita vilivyoanza mbali, kusini, vikapanda kuelekea kwetu na kila wiki redio ikawa na sauti nyingine. Serikali ilianguka Kampala, na majira ya mvua askari wakaanza kupita Koboko wakikimbia. Sikuwa nimewahi kuona jeshi likikimbia. Nilidhani lina namna yake maalumu. Kumbe linakimbia kama watu. Walipita na magodoro, na redio, na mbuzi, na baiskeli za wenyewe. Wengine walikuwa wametupa mashati ya jeshi na kuvaa magauni. Nilikuwa nimefika kutoka Arua siku hiyo kuwachukua mjomba na Mama Medina. Severino alikuwa ametuma neno kwamba anatungoja Ludara. Kutoka kwake mpaka kwenye mto wa mpakani na Kongo ni mwendo mfupi, na hata kuku wanavuka.

Mjomba alikuwa barabarani. Alikuwa amejikokota na fimbo mpaka ukingoni akasimama kuwatazama wakipita, na kati yao aliwaona aliowafundisha. Alimwita mmoja kwa jina. Kijana yule, aliyebeba cherehani kichwani, alimtazama, akaangalia chini, akapita.

"Mjomba, twende nyumbani," nikasema. "Twende tufunge vitu."

Hakunisikia. Alitupa fimbo. Akavuta pumzi, na ile sauti, ile ya kuamsha kuku, ikatoka nzima kama ya zamani.

"Kikosi! Mguu—"

Niliona goti la kushoto likipanda. Nilipiga kelele.

"—sawa!"

Kisigino kilishuka. Nikasikia mlio, si mkubwa, kama kuni mbichi inayokunjwa gotini. Askari wachache, wallahi, walisimama. Mazoea ni kitu kibaya. Walisimama mguu sawa pale pale na magodoro yao, kwa muda wa kupepesa macho, na mjomba aliwaona wakisimama, kabla hajaanguka.

Mfupa ulikuwa umepasuka kukizunguka chuma, paja lote. Halikuhitaji picha, mguu ulikuwa unatazama upande ambao mguu hautazami. Mimi na majirani tulimvuta kwenye mkeka mpaka kivulini mwa nyumba yake, mita chache tu, na katika mita hizo alinipiga ngumi ya mdomo kama alivyokuwa ameahidi. Bado nina jino linalocheza. Sitaki lipone.

Wanaume wanne wakaleta kitanda. Walikuwa na haraka, wake zao wameshatangulia na mizigo, lakini walikuja. Wakakiweka kando yake.

"Sajini, tunakwenda," mmoja akasema. "Mpaka Ludara iko karibu tu. Tunabeba polepole."

"Mimi hapana bebwa."

"Mzee, wale nakuja. Nyuma ya hawa nakimbia iko bunduki ya adui."

"Mimi nasema hapana beba! Hii kitanda iko ya baba yangu?" Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka ndani ya masikio. "Peleka. Weka vitu ya wanawake juu yake."

Nilipiga magoti. Sikuwa na mzaha hata mmoja mdomoni, na nilitafuta. "Mjomba, kwa ajili ya Mama Medina. Ukikaa, naye atakaa."

Hapo alifikiri. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Alimgeuzia macho mkewe, aliyekuwa ameketi chini karibu na kichwa chake, ameshavua kitenge cha pili na kukikunja kiwe mto wa mtu huyo mkaidi.

"Medina."

"Mimi hapa."

"Wewe nakwenda na huyu mtoto. Navuka. Mbele ya mto, upande ile, wewe nakaa pale pale njiani. Hapana kwenda mbali. Nakaa mpaka mimi nakuja kusema: toka."

"Asuman, wewe nakuja na nini?"

"Hii iko amri."

Mama Medina alimtazama kwa namna ambayo sikutaka kuiona, nikageuza uso kama tulivyojifunza. Niliposikia vyombo vikigongana alikuwa ameinuka, anamwekea chungu cha maji upande wa kulia, na mkate wa muhogo juu ya kifuniko, na fimbo yake, ambayo mtu alikuwa ameiokota barabarani. Alimfunika mguu. Kisha akatwaa furushi lake akaenda, na hakugeuka nyuma, kwa kuwa mke wa askari haagizwi hilo mara mbili. Mimi niligeuka. Mjomba alikuwa ametazama barabara, si sisi.

Tulivuka na Severino. Alitembea na chuma chake cha zamani kutoka Ludara mpaka ng'ambo, akichechemea, akilia kwa sauti ya chini kila hatua, mbuzi wake kwenye kamba. Alifika. Naliandika hivyo hivyo, maana ndilo lililotokea.

Baada ya mvua kupungua alikuja jirani mmoja aliyekuwa amejificha shambani. Alitukuta njiani pale ng'ambo, akavua kofia, akasema Sajini Asuman walimkuta amefariki pale pale kivulini, chungu cha maji kitupu, hana jeraha la risasi. Homa ya mguu, alidhani yeye. Walimwosha, wakamzika kabla ya adhuhuri. Nilimuuliza walimfikishaje kaburini.

"Tulibeba," akasema. "Watu wanne. Hapana kusema kitu."

Sasa ni mwisho wa mwaka. Wakimbizi wote wanahamishiwa ndani zaidi, mbali na mpaka, mahali ambapo wanagawa unga na panasemekana pana daktari. Severino ameshakwenda na mbuzi. Mama Medina yuko pale pale kando ya njia, chini ya turubai alilopewa, amepanga mawe matatu ya kupikia, na anakohoa. Nilikwenda kwake jana na mtu wa baiskeli.

"Mama Medina, twende. Amefariki. Umesikia mwenyewe."

"Mimi nasikia."

"Hatakuja kusema toka."

"Mimi najua hapana kuja."

"Basi amri imekwisha!"

Alikuwa anachambua mchele, punje chache kwenye sinia, mawe mengi kuliko mchele. Hakuinua uso.

"Mwenye amri hapana iko," akasema. "Nani nafuta?"

"Mimi. Mimi nafuta. Nakuomba."

Akatoa jiwe, akalitupa njiani, akanitazama kwa huruma kubwa.

"Wewe iko na cheo gani?" akasema.